Desemba 2021 Marekani: joto la rekodi, mvua "ya kawaida", tonado 193. Tuzisome hizi namba taratibu

Mchovu wa Zamu (mleta uzi) #1

Habari za usiku wakuu.

Wiki iliyopita kuna mtu alibandika humu ramani ya Marekani imeiva nyekundu, akaandika "Marekani yavunja rekodi" akaondoka zake. Watu wakagombana kurasa nne, na hakuna aliyesema ni rekodi ya nini wala imelinganishwa na nini. Nikajiambia nitafungua uzi wangu.

Nitangulize kabisa: mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Nabeba maboksi zamu ya usiku hapa Bowling Green, Kentucky. Ila Desemba ya 2021 ilipita juu ya paa langu, na tangu hapo kila mwezi naichungulia ripoti ya NOAA (shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa) kama wengine wanavyochungulia mikeka yao. Ripoti ile huwa na mambo matatu makubwa: joto, mvua, na tonado. Yote yanalinganishwa na "wastani". Shida iko kwenye hilo neno.

Tuanze na joto. Desemba 2021 wastani wa joto wa majimbo 48 (Alaska na Hawaii hazimo) ulikuwa nyuzi 39.3 za Fahrenheit, kama 4.1 za Sentigredi. Hiyo ni nyuzi 6.7 za Fahrenheit juu ya wastani wa karne ya 20. Kumbukumbu zao zinaanzia 1895, kwa hiyo ni Desemba 127, na hii ndiyo iliyokuwa na joto kuliko zote. Iliyokuwa inashika usukani ni ya 2015.

Mvua: haikuachana sana na wastani wake, ambao ni inchi 2.35 hivi, yaani milimita 60. Ukiisoma haraka unasema mvua ilikuwa sawa tu, unapita. Usipite. Nitairudia chini.

Tonado: ripoti ilipotoka zilikuwa zimethibitishwa 193 ndani ya mwezi mmoja. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2010, Desemba nzima hupata kama 24. Rekodi ya awali ya Desemba ilikuwa 97, mwaka 2002.

Karibuni tuchambue. Nikiwa kazini nitachelewa kujibu.

---

Kisiki Hai #2

Siti ya mbele kabisa. Nasubiri wajuzi.

---

Nyanda za Juu #3

Mkuu umetuchanganya. Nimechukua hizo nyuzi 6.7 za Fahrenheit nikaweka kwenye kikokotoo cha simu, imeniletea -14 za Sentigredi. Sasa mwezi wa joto la rekodi unakuwaje na tofauti ya hasi 14? Hizi takwimu za wazungu tusizimeze tu.

---

Fundi Redio #4

Mkuu Nyanda, hapo kikokotoo hakina kosa, swali ndilo lenye kosa. Umekiuliza "kipimajoto kikisoma 6.7 za Fahrenheit ni ngapi kwa Sentigredi?" Hiyo kweli ni -14. Lakini mleta uzi haongelei kipimajoto kinasoma ngapi, anaongelea umbali kati ya namba mbili. Ukitafuta tofauti huondoi ile 32. Unazidisha kwa 5 unagawanya kwa 9, basi. 6.7 inakuwa 3.7.

Jaribu mwenyewe: 39.3 ni 4.06 za Sentigredi. Wastani wa zamani, 32.6, ni 0.33. Toa. Unapata 3.7.

---

Nyanda za Juu #5

Duh. Nimekaa kimya. Na kuna mahali pengine nimeshaibandika hiyo -14 tayari.

---

Kisiki Hai #6

Hahaha, kaifute mkuu kabla haijafika kwenye magrupu ya WhatsApp.

---

Mchovu wa Zamu #7

Hakuna aibu mkuu, mimi mwenyewe nilishawahi kuingia mkenge huo huo. Na 3.7 isikudanganye ukaiona ndogo. Hiyo si ya mji mmoja siku moja. Ni mchana na usiku, siku 31, kutoka Maine hadi California. Halafu huko Alaska, ambako hakumo kwenye hesabu hii, kisiwa cha Kodiak tarehe 26 Desemba kilifika nyuzi 19.4 za Sentigredi. Alaska! Jimbo lile halikuwahi kurekodi joto la namna hiyo Desemba yoyote.

Kuhusu huo wastani. NOAA wana vijiti viwili vya kupimia, na watu wanavichanganya kila siku. Kwenye ripoti ya nchi wanalinganisha na karne nzima ya 20, 1901 hadi 2000. Ila mtangazaji wa televisheni hapa Kentucky akisema "leo tuko juu ya kawaida", yeye anatumia miaka 30 ya karibuni, 1991 hadi 2020, iliyoanza kutumika Mei 2021. Miaka 30 hiyo yenyewe ina joto kuliko karne ya 20. Ni kama bei ya sukari: ukiilinganisha na enzi za Mkapa unalia, ukiilinganisha na ya mwaka jana unashusha pumzi. Mfuko wa sukari ni ule ule.

Kwa hiyo mtu akikubandikia "nyuzi kadhaa juu ya kawaida", swali la kwanza ni kawaida ya lini.

---

BintiPangani #8

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, hiyo tonado ndiyo kimbunga? Maana Mei 2024 tulitangaziwa kimbunga Hidaya, kikapita Mafia tarehe 4, na sisi huku Tanga tulikaa ndani. Hicho kilikuwa kimoja tu na nchi nzima roho juu. Sasa Marekani vimbunga 193 kwa mwezi mmoja wanaishije?

---

Fundi Redio #9

Marahaba binti. Kiswahili chetu kinazibeba zote kwenye kapu moja. Hidaya ni kimbunga cha baharini: upana wake mamia ya kilomita, kinaishi siku kadhaa, kinapewa jina, kinakula joto la maji ya bahari. Tonado inazaliwa ndani ya wingu la radi, nyingi zinakufa ndani ya dakika kumi, upana mita kadhaa hadi, zile kubwa sana, zaidi ya kilomita. Haina jina. Kwa umbo iko karibu na kile kisulisuli kinachoinua vumbi uwanjani kuliko Hidaya, ila hiki kinainua lori.

Wengine wanakiita kisulisuli chamchela. Sasa wazia chamchela ya kilomita 300 kwa saa.

---

BintiPangani #10

Asante sana, sasa nimeelewa. Kisulisuli cha kuinua lori, sikitaki hata ndotoni.

---

Mtaa wa Tano #11

Mleta uzi umesema ilipita juu ya paa lako. Tupe hiyo, namba tutazirudia.

---

Mchovu wa Zamu #12

Sawa.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 10. Kwanza joto. Desemba ya Kentucky unatakiwa uwe na koti zito, mimi nilitoka kutupa takataka jioni na fulana, na upepo wa kusini ulikuwa na unyevu kama wa Dar ukishuka feri ya Kigamboni. Nikamwambia jirani yangu wa chini, baba mmoja wa Kivu, "leo pametulia vizuri." Akanijibu, "Hii si yake." Hakuongeza neno.

Sikuwa na zamu usiku ule. Simu zilianza kulia tahadhari, nikazima, zikalia tena. Kwenye televisheni wanaonyesha Mayfield, magharibi ya jimbo letu, imeshapigwa tangu saa tatu na nusu usiku. Nikaona ni mbali. Nikalala na viatu miguuni, sijui kwa nini.

Saa saba usiku ving'ora. Mimi naishi ghorofa ya juu, na jengo letu halina chumba cha chini ya ardhi. Nikashuka, mlango wa yule baba uko wazi ananisubiri. Tukaingia bafuni watu saba: yeye, mkewe, watoto wanne na mimi. Godoro la watoto tukalivuta juu ya vichwa. Taa zikakatika. Masikio yakaziba kama ndege inaposhuka, mtoto mdogo akawa anasema "masikio, masikio". Wengi husimulia kwamba inalia kama treni. Mimi niliisikia kama mtu anaburuta mabati juu ya lami, mabati yasiyoisha. Labda dakika moja. Mama alikuwa anasali, na aliposema amina kimya kilikuwa kimeshaingia.

Kwetu paa liliondoka kona moja tu. Mitaa ya mbele, nyumba hazikuwepo. Ilipita kama saa saba na dakika kumi, daraja EF3 (ukali wa tonado hupangwa EF0 hadi EF5), upepo wake mkali zaidi ulikadiriwa kilomita 265 kwa saa. Mji huu ulipoteza watu 17, na mtaa wa Creekwood ndio ulioumia kuliko yote. Huku kuna familia nyingi zilizokuja kama wakimbizi, Wabosnia, Wakongo, Waburma, na misiba ile iliingia kwao pia.

Asubuhi baridi ilikuwa imerudi. Ile pamba ya waridi inayowekwa ndani ya kuta ilikuwa imening'inia kwenye miti mtaa mzima kama nguo zilizoanuliwa vibaya. Nakumbuka hiyo kuliko kitu chochote. Na msimamizi wangu kazini akatuma ujumbe kuuliza nani anaweza kuingia zamu ya Jumamosi.

---

Kisiki Hai #13

Pole sana mkuu. Huyo msimamizi naye.

---

Mtaa wa Tano #14

Pole kaka. Hiyo ya Mayfield ndiyo ile iliyobomoa kiwanda cha mishumaa? Nakumbuka waliandika imesafiri maili 250, imevunja rekodi ya dunia.

---

Fundi Redio #15

Ndiyo hiyo, na hapo ndipo utaona kwa nini namba za siku ya kwanza zisiliwe mbichi. Siku mbili tatu za mwanzo ilionekana ni tonado moja imekata majimbo manne, Arkansas, Missouri, Tennessee na Kentucky. Ingekuwa hivyo, ingeipita tonado ya tarehe 18 Machi 1925, ile iliyokata Missouri, Illinois na Indiana kilomita 352 na kuua watu 695. Watu wa NWS, idara ya utabiri wa hali ya hewa ya Marekani, wakaifuata njia kwa miguu na kwa ndege, mti kwa mti, wakakuta ni mbili: ya kwanza ilikufa, wingu lile lile likazaa nyingine. Ya pili ndiyo ya Mayfield, kilomita 266, daraja EF4, upepo kilomita 306 kwa saa, watu 57. Ile ya Bowling Green aliyoisimulia mleta uzi ni nyingine kabisa, wingu tofauti. Usiku huo huo ghala la Edwardsville, Illinois, lilianguka likaua sita. Jumla ya usiku ule ni zaidi ya watu 80.

Na hilo daraja la EF, mjue halipimwi na mashine. Hakuna anayesimamisha kipima-upepo mbele ya tonado. Wanaangalia ilichovunja: nyumba hii ilifungwa kwa boliti kwenye msingi au iliegeshwa tu? Mti umeng'oka au umechunwa ganda? Kutoka hapo wanakadiria upepo. Tonado kali ikipita shambani tupu inaweza kuandikwa dhaifu, maana haikukuta cha kuvunja.

---

Nyanda za Juu #16

Nauliza kwa unyenyekevu safari hii. Hizo tonado 193 ni za usiku mmoja?

---

Mchovu wa Zamu #17

Hapana mkuu. Usiku wa tarehe 10 ni sehemu tu. Tarehe 15 ikaja dhoruba nyingine, hiyo ilikuwa mstari mrefu wa upepo unaokimbia, wao wanaita derecho. Haikuwahi kurekodiwa Desemba kabla ya hapo. Ilisomba Kansas, Nebraska, Iowa, Minnesota, Wisconsin, na ndani yake ikazaa tonado kibao, nyingi ndogo. Minnesota ilipata tonado za kwanza za Desemba tangu waanze kuandika. Minnesota, ambako mwezi huo watu huvua samaki juu ya barafu.

Baadaye hesabu ya mwezi ilipanda tena ikapita 200. Ndiyo maana nasisitiza: namba ya tonado kwenye ripoti ya mwezi ni ya awali. Inaweza kupanda, wakati wakaguzi wanaendelea kukuta njia ambazo hakuna aliyeziona gizani. Inaweza pia kushuka, maana tonado moja ikionwa na watu watano inaingia kama ripoti tano. Wanahabari hupenda kuchukua idadi ya ripoti na kuiita idadi ya tonado.

---

Saa Mbovu #18

Mimi nina tatizo na huo mlinganisho wenyewe. Joto wana kumbukumbu tangu 1895, tonado je? Mwaka 1950 mkulima wa Kansas akiona kisulisuli kwenye shamba lake anampigia nani? Leo kila mtu ana simu yenye kamera. Hizo tonado zimeongezeka au macho ndiyo yameongezeka?

---

Fundi Redio #19

Saa Mbovu leo imesoma saa sahihi. Orodha rasmi ya tonado inaanzia 1950. Miaka ya 1990 zikaja rada za Doppler nchi nzima, zinaona hewa inavyozunguka ndani ya wingu. Kuanzia hapo tonado dhaifu, za EF0, zikafumuka kwenye vitabu. Ukiziondoa hizo ukabaki na EF1 kwenda juu, mstari hauonyeshi kupanda wala kushuka kwa maana. Kilichobadilika ni mahali: zimepungua kidogo nyanda za Texas na Oklahoma, zimeongezeka upande wa bonde la Mississippi, Tennessee, Kentucky. Na zinakuja kwa mafungu, siku nyingi kimya halafu siku moja zinamwagika.

Upande huo wa mashariki ndiko kubaya zaidi kwa binadamu. Miti mingi hivyo huoni mbali, nyumba za kuhamishika (mobile home) nyingi, na nyingi hupiga usiku.

---

Saa Mbovu #20

Basi mtu asituambie "tonado zimeongezeka mara nane kwa sababu ya tabianchi" kwa kuchukua 193 na kugawanya kwa 24.

---

Mchovu wa Zamu #21

Kabisa. Joto ni habari nyingine, pale mstari unapanda na huhitaji miwani. Mwaka 2024 nchi nzima ilivunja rekodi ya mwaka, nyuzi 3.5 za Fahrenheit juu ya wastani wa karne ya 20. Tonado hazina mstari mnyoofu hivyo. Aprili 2011 zilikuwa 758, hakuna mwezi mwingine uliofika hapo, wakati wastani wa Aprili ni 155. Mwaka uliofuata, kwa jumla ya mwaka, zikawa chini ya wastani.

Ninachoweza kusema kuhusu Desemba ile: tonado inahitaji hewa ya joto yenye unyevu chini, na upepo unaobadilika mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda. Upepo wa juu wakati wa baridi upo tele Marekani. Kinachokosekanaga Desemba ni hiyo hewa ya joto kutoka Ghuba ya Mexico. Mwezi ule haikukosekana. Ilikuja hadi mlangoni kwangu nikiwa na fulana.

---

MamaWatatu #22

Jambo bandugu. Miye niko Louisville ya Kentucky. Ile mwezi tulipata woga mara mbili. Mara ya kwanza ni ile ya tornade. Mara ya pili tarehe 30, batu ya Bukavu banaanza kunipigia simu, "Louisville inawaka moto, mama, mukimbie!" Miye niko naosha vyombo, naangalia inje, hakuna moto. Kumbe ni Louisville ingine, ya Colorado. Dada yangu alilia bure saa nzima.

---

Mchovu wa Zamu #23

Mama, asante, umenirudisha kwenye mvua ambayo niliahidi kuirudia.

Huo moto wa Colorado uliunguza majengo zaidi ya 1,000 kwa siku moja, miji ya Superior na Louisville, kaunti ya Boulder. Desemba tarehe 30! Nyasi zilikuwa kavu kama za Septemba huko Dodoma, upepo unapita kilomita 160 kwa saa. Jirani hapo, Denver, theluji ya kwanza ya msimu ilikuwa imedondoka tarehe 10 Desemba, haijawahi kuchelewa hivyo. Tarehe 31, moto ukiwa bado unafuka, theluji ikaanguka juu ya majivu.

Wakati huo huo California, milima ya Sierra, kituo cha theluji cha Donner Pass kilipima inchi 214 ndani ya mwezi. Zaidi ya mita 5. Desemba ya theluji nyingi kuliko zote pale, barabara zimefungwa, watu wanatokea nyumbani kwa madirisha ya ghorofani.

Sasa chukua mita 5 za theluji ya Sierra na nyasi zilizoungua Boulder, weka pamoja, gawanya kwa nchi nzima. Unapata "karibu na wastani". Ni kama TMA iseme mvua ya Tanzania ilikuwa ya kawaida huku Rufiji watu wako juu ya mapaa na Longido wanachinja ng'ombe kabla hawajafa. Joto mwezi ule lilikubaliana karibu upande wote wa kati na kusini, hivyo wastani wake unasema kitu. Mvua haikukubaliana na mtu. Mimi ripoti ikisema mvua "kawaida", ndipo nafungua ramani.

---

Mchunga wa Garissa #24

Ndugu zangu, na huku kwetu mwaka huo vuli ilikataa. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo mvua ikatupita kaskazini mwa Kenya. Tuliambiwa La Niña. Ndiyo hiyo hiyo ya huko?

---

Fundi Redio #25

Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Maji ya Pasifiki ya katikati yakipoa, kwenu vuli hupungua, na huku kusini mwa Marekani msimu wa baridi huwa na joto na ukavu kuliko kawaida. Haitoshi peke yake kueleza rekodi ya Desemba ile, lakini ilichangia.

---

Mchunga wa Garissa #26

Mimi nilipoteza mbuzi 60. Hiyo hakuna ripoti ya mwezi iliyoandika.

---

BintiPangani #27

Pole sana baba.

Mleta uzi, samahani, swali la mwisho. Siku hizi Desemba ikifika unafanyaje?

---

Mchovu wa Zamu #28

Pole mzee wa Garissa, kweli.

Binti, nilihama. Nakaa chini sasa. Simu siizimi tena ikilia. Na nina redio ya tahadhari ya NOAA, ile ndogo inayojiwasha yenyewe usiku, nimeiweka juu ya friji. Yule baba wa Kivu ndiye aliyenichagulia dukani, akanunua na yake. Kila Novemba tunabadilisha betri siku moja, yeye anakuja na bisibisi maana kifuniko changu kilivunjika.

Naingia zamu. Mwenye ramani ya mvua ya mwezi huo aibandike, nitaisoma saa ya mapumziko.